Hedhi ikishakoma, kinga ya moyo ni mazoezi; homoni zina kazi nyingine

KWA miaka mingi, wanawake wa nchi za Magharibi waliofika umri wa kukoma hedhi walikuwa wakiambiwa kuwa tembe za homoni zingewaondolea joto la ghafla mwilini, na vilevile kuwakinga dhidi ya maradhi ya moyo.

Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ni kweli hadi leo. Ya pili iliangushwa na utafiti.

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma iwapo mwanamke amekaa miezi 12 mfululizo bila kuiona. Wengi hufikia hali hiyo wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 55, wakati ovari zinapopunguza sana utoaji wa homoni ya estrojeni.

Athari zake haziishii kwenye joto na kutokwa na jasho usiku. Kolesteroli mbaya huongezeka katika damu, mafuta hukusanyika tumboni, na kuta za mishipa ya damu hukakamaa. Ndiposa mwanamke, ambaye ujanani hupatwa na mshtuko wa moyo kwa nadra kuliko mwanamume wa rika lake, hupoteza nafuu hiyo kadiri miaka inavyosonga.

Hivyo basi, ilionekana kuwa busara kurejesha estrojeni iliyopungua. Isitoshe, uchunguzi wa awali ulionyesha kuwa waliotumia homoni waliugua moyo kwa nadra. Kasoro ni kwamba wanawake hao aghalabu walikuwa na kipato kizuri na walijitunza kiafya kuliko wenzao.

Jaribio la 2002

Ukweli ulijitokeza katika jaribio la Women's Health Initiative nchini Marekani. Wanawake 16,608 wa umri wa miaka 50 hadi 79 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi wakapewa estrojeni pamoja na projestini, wengine tembe zisizo na dawa.

Jaribio hilo lilisimamishwa kabla ya wakati wake mnamo Julai 2002. Kwa kila wanawake 10,000 waliotumia homoni kwa mwaka mmoja, kulikuwa na visa 7 zaidi vya maradhi ya moyo, 8 zaidi vya kiharusi na 8 zaidi vya saratani ya matiti. Kwa upande mwingine, visa vya kuvunjika nyonga vilipungua kwa 5.

Uchambuzi uliotolewa mwaka wa 2007 ulibainisha kuwa umri una uzito wake. Walioanza homoni kabla ya miaka 10 kupita tangu hedhi kukoma hawakuonekana kuwa na hatari zaidi ya maradhi ya moyo, tofauti na walioanza baada ya miaka 20 au zaidi.

Kutokana na mabadiliko hayo ya fikra, Novemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuwa ingeondoa onyo kali kuhusu moyo lililokuwa kwenye pakiti za dawa hizo. Hata hivyo, kuondolewa kwa onyo si sawa na kusema dawa ni kinga. Jopo la Marekani linalotoa mwongozo wa kinga ya maradhi lilishauri mwaka wa 2022 kwamba homoni zisitumiwe kwa lengo la kuzuia maradhi sugu baada ya hedhi kukoma.

Nguvu ya kutembea

Katika mradi uo huo, watafiti waliwafuatilia wanawake 73,743 ili kuchunguza mazoezi yao. Waliotembea kwa kasi walipata mshtuko wa moyo na kiharusi kwa nadra kuliko waliokaa tu, na nafuu yao ilikaribiana na ya waliofanya mazoezi makali.

Huo nao ulikuwa ufuatiliaji tu, lakini una mhimili mwingine: majaribio mengi yamethibitisha kuwa mazoezi hushusha shinikizo la damu na kuusaidia mwili kutumia sukari vyema.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Dakika 30 kwa siku tano zatosha kuanzia. Kutembea hadi sokoni kwa mwendo wa kasi au kulima shambani ni mazoezi pia, almuradi moyo udunde kwa kasi na pumzi ipande.

Asiyezoea aanze na dakika 10. Akihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, aache mara moja na atafute matibabu.

Nani atumie homoni?

Homoni zinamfaa mwanamke anayesumbuliwa mno na joto, jasho na kukosa usingizi, hasa akiwa hajafika miaka 60. Aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40 kwa kawaida hushauriwa azitumie hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi, kwa ajili ya mifupa na moyo wake.

Kwa kawaida haziwafai waliowahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo au kuganda kwa damu mishipani. Mwenye mji wa mimba hapaswi kupewa estrojeni pekee, kwani huweza kumletea saratani humo, huongezewa projestini.

Kwa hivyo, kabla ya kumeza tembe yoyote, mwone daktari, upimwe shinikizo la damu, sukari na kolesteroli. Kuhusu kutembea, wengi hawahitaji kungoja.