Tangazo Lililoingia Msibani

Mwaka jana nilibandika tangazo la kitabu changu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Dakika chache kabla, mjomba alikuwa ametoa taarifa ya msiba. Sikuwa nimeisoma, nilibandika tu, kama nilivyofanya kwenye makundi mengine kumi na moja siku ileile. Shangazi akaandika neno moja: "Mwanangu." Nilifuta haraka, ila waliosoma walishasoma.

Nikajifariji kwamba si mimi wa kwanza. Na kweli. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani, alituma ujumbe mmoja kwa watumiaji wapatao 400 wa ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti. Aliwaalika kwenye maonyesho ya mashine mpya California. Malalamiko yakamiminika, maana mtandao ule ulikuwa wa watafiti na uligharamiwa na Wizara ya Ulinzi. Lakini mwenyewe alidai baadaye kwamba kompyuta ziliuzika, tena kwa mamilioni ya dola. Hapo ndipo penye mtego: kero ililipa.

Aprili 1994 wakaja Laurence Canter na Martha Siegel, mawakili wa Arizona, mume na mke. Walitangaza huduma yao kuhusu bahati nasibu ya green card, hiyohiyo ambayo huku kwetu watu walikuwa wakijaziwa fomu zake stesheneri. Walilibandika tangazo kwenye maelfu ya makundi ya Usenet, ambayo yaligawanywa kwa mada. Aliyeingia kuongea muziki au hisabati akakutana na habari za ukaazi wa Marekani. Watu walijibu kwa hasira mpaka mitambo ya kampuni iliyowaunganisha na intaneti ikazidiwa. Wenyewe wala hawakuomba radhi. Waliandika kitabu cha kuwafundisha wengine.

Sasa, bidhaa yao haikuwa na ubaya. Wanaoitaka green card walikuwapo, tena wengi. Ubaya ni kwamba hawakujisumbua kuwatafuta hao. Walimpigia kelele kila mtu.

Mwaka 1999 Seth Godin alitoa kitabu, Permission Marketing, chenye hoja nyepesi: omba ruhusa kwanza. WhatsApp yenyewe ina kitu cha namna hiyo. Ukituma kwa orodha ya matangazo, ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Asiyekujua hasumbuliwi.

Basi nimeanza orodha yangu ya watu waliosema wenyewe, "niweke." Wako 37. Thuerk angecheka. Lakini juzi mmoja wao aliniuliza kitabu cha pili kinatoka lini. Kwenye yale makundi kumi na mawili, hakuna aliyewahi kuniuliza.

Shangazi nilimfuata nyumbani kumwomba radhi. Hilo halikufaa kutumwa kwa simu.