Gamba la amonaiti linachoreka kwa hesabu, mnyama je?

Wasomaji wangu, leo tuache kidogo mambo ya simu na wavuti tuongee juu ya amonaiti, jamaa wa pweza na ngisi waliotoweka pamoja na dinosaria miaka takriban milioni 66 iliyopita. Magamba yao yaliyojiviringa yamebaki mawe, miili laini ikaoza. Basi anayetaka kumchora mnyama mzima afanyeje?

Mwaka 1830 Mwingereza Henry De la Beche alichora Duria Antiquior, mojawapo ya picha za kwanza kabisa kuonyesha viumbe wa kale wakiwa hai. Nakala ziliuzwa ili kumpatia fedha Mary Anning wa Lyme Regis, mwanamke aliyechimbua visukuku vilivyompa mchoraji wanyama wake. Amonaiti mle wanaelea juu ya maji kama vijahazi vilivyotweka tanga. Tanga lilitoka wapi? Kwa agonauti, pweza mwenye gamba jembamba, ambaye tangu enzi za Wagiriki alisemekana kusafiri kwa upepo akiinua mikono yake miwili mipana. Kumbe mikono ile ndiyo inayojenga gamba! Jeanne Villepreux-Power alilithibitisha hilo kule Messina, Sicily, miaka hiyo hiyo ya 1830, kwa kuwafuga agonauti kwenye matangi.

Sasa utamu wetu sisi watu wa programu. Mwaka 1966 Mmarekani David Raup alionyesha kwamba magamba mengi yaliyojiviringa yanaelezeka kwa vipimo vinne tu: umbo la mdomo wa gamba, kasi ya kutanuka kila mzunguko, umbali kutoka kwenye mhimili, na kiasi cha kuteremka kando ya mhimili huo. Akayachora kwa tarakilishi. Amonaiti wa kawaida hateremki, kwa hiyo kipimo cha nne ni sifuri. Nimejaribu mwenyewe: kitanzi kimoja, mistari isiyofika thelathini, gamba hilo kwenye skrini. Hata Nipponites wa Japani, anayefanana na kamba iliyotatizika, ana kanuni. Mwaka 1988 Takashi Okamoto alionyesha kwamba mdomo ukiinama au kuinuka kupita kiasi, ukuaji hubadili upande, na vurugu lote linatokana na hapo.

Lakini hesabu inakomea mdomoni. Wachoraji wengi walimwiga nautilasi, mwenye gamba linalofanana na mikono mingi ajabu. Wataalamu wa leo wanamweka amonaiti karibu zaidi na pweza na ngisi, kwa hiyo huchorwa na mikono kumi. Mwaka 2021 ulielezwa mwili wa amonaiti uliochopoka kwenye gamba, kutoka eneo la Solnhofen, Ujerumani. Viungo vya ndani vipo. Mikono haionekani!

Ndiyo maana picha za tarakilishi zinazong'aa hunitia shaka kuliko ile ya 1830. Gamba lililopigiwa hesabu na mikono ya kubahatisha vimepakwa rangi kwa uhakika uleule, na mtazamaji hana njia ya kuvitenganisha. Amonaiti wangu wa mistari thelathini nimemwacha bila mikono.