Daftari la Mweka Hazina

Kabla harambee halijawa neno la serikali, lilikuwa sauti ya watu wa mizigo huko pwani: mmoja anaita, wenzake wanaitikia, mzigo unainuka. Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa tarehe 1 Juni 1963, na leo limo kwenye ngao yetu. Ukiwa na macho mazuri utalisoma hata kwenye sarafu. Lakini kusaidiana kulikuwepo kitambo. Wakamba wana mwethya, Wakikuyu ngwatio, Wajaluo saga, Wakisii risaga. Hayo yalikuwa ya jasho zaidi kuliko pesa. Leo unalima kwangu, kesho niko kwako.

Pesa ilipoingia ndipo likazaliwa swali ambalo naona bado linatusumbua: nani anashika daftari?

Chukua Githunguri. Chuo cha walimu kilifunguliwa huko 1939, chini ya Mbiyu Koinange, ili kuhudumia shule huru za Wakikuyu zilizokuwa zimejitenga na wamishonari. Pesa zilichangwa kwa marika, kila rika likishindana na jingine lisiaibike. Akina mama nao wakachangia bweni la wasichana. Mwaka wa 1952 hali ya hatari ikatangazwa, na serikali ya kikoloni ikakifunga. Mwaka uo huo, serikali iyo hiyo ilikuwa ikisaidia kuanzisha Maendeleo ya Wanawake, chama ambacho mwanzoni kiliongozwa na wanawake wazungu. Kwa hivyo shida haikuwa Waafrika kukusanyika. Shida ilikuwa Waafrika kukusanyika na pesa zao wenyewe.

Baada ya uhuru kukawa na maelewano fulani: wananchi wajenge, serikali ilete walimu. Basi watu wakajenga! Kufikia katikati ya miaka ya 70, shule za sekondari za harambee zilikuwa zimezidi zile za serikali. Nyingi zilikaa miaka bila maabara, walimu wenyewe hawajasomea kazi hiyo. Ukuta huchangiwa mara moja, lakini mwalimu anataka mshahara kila mwezi. Wafadhili wa siku hizi wana tabia iyo hiyo: watakununulia kompyuta, lakini kodi ya chumba cha kuziweka ujipange.

Waliojipanga vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni wale akina mama wa vikundi vya mabati huko Kati, miaka ya 60 na 70. Kila mmoja anaweka kitu kidogo, mara nyingi pesa ya kibarua walichofanya pamoja shambani kwa mtu. Zamu yako ikifika, paa la nyasi linashuka, mabati yanapanda. Si urembo tu. Maji ya mvua yanakingwa kutoka kwenye mabati, kwa hivyo safari za mtoni zinapungua, na mgongo unapumzika. Mabati yakiisha, wengine waliendelea hadi ng'ombe wa gredi na mashamba. Hakuna aliyewaandikia ripoti ya robo mwaka. Ukikosa kulipa, jirani anajua kabla jua halijatua.

Halafu mheshimiwa akafika na kipaza sauti. Enzi za Moi, harambee ikawa mnada wa siasa: jina linasomwa, kiasi kinasomwa, makofi. Huku chini, chifu alikuwa anaweza kukunyima huduma hadi ulipe "mchango wa hiari". Hiari gani hiyo, bana? Mwaka wa 2003 ikaja Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma, ikawabana wenye vyeo wasitumie ofisi kuchangisha. Mwaka uo huo bunge likaunda CDF, angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali iende kwenye maeneo bunge. Kipaza sauti kikazimwa kidogo, lakini mheshimiwa akabaki na cheki kubwa ya kadibodi ya kupigia picha.

Tangu hapo mambo ni fomu. Hazina ya Vijana ilikuja 2006, ya Wanawake 2007, Uwezo baadaye. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi, katiba, na maafisa. Na Uwezo, kabla haijakukopesha, inataka kuona kwamba tayari mnachangishana wenyewe. Yaani serikali inakuja kuuliza kama una lile daftari ambalo mwaka wa 1952 lilikufungisha chuo.

Hapo ndipo mimi napata riziki. Karo ilinishinda nikiwa mwaka wa pili, nikatoka chuoni na Kiingereza cha maombi ya ufadhili, na sasa vikundi hunilipa niwaandikie. Kimoja ni cha akina mama kumi na wanne mtaani kwetu. Walitaka tangi la maji. Fomu ya mfadhili ikauliza mradi utabadilisha vipi mitazamo ya walengwa. Nikamtafsiria mweka hazina. Akanitazama.

"Kijana wangu, mitazamo yetu ina shida gani? Si tunataka tangi?"

Nikajaza kitu hapo, kwa sababu nafasi tupu hukataliwa. Lakini nilihitaji pia kumbukumbu za akiba, kwa hivyo Mama akatoa daftari lake, lile la kurasa 96, jalada limeshonwa kwa uzi. Shilingi mia mbili kila Jumapili, alama ya wino mwekundu kwa aliyechelewa. Nikahesabu majina, nikapata kumi na tano. Nikamwambia, Mama, hapa kuna mmoja zaidi.

"Huyo alitutoka mwaka jana," akasema. "Binti yake ndiye hulipa. Usimtoe."

Kwenye fomu nikaandika kumi na watano.