Kinywa Chenye Ndevu: Raha na Karaha za Uzee Kando ya Ziwa Mweru

Lugha yetu haina neno moja tu la mtu aliyekula chumvi nyingi. Mtu huyo huyo twaweza kumwita mtu mzima, mzee, shaibu, ajuza au kikongwe, na kila jina lina uzito wake. "Mzee" ni cheo. Hata kijana akipewa madaraka huitwa mzee kabla mvi hazijamwota. "Shaibu" latokana na neno la Kiarabu la mwenye mvi, na "ajuza" latokana na lile la kushindwa na kudhoofika. "Kikongwe" nalo latutia huruma kabla hatujamwona mwenyewe. Wahenga pia walitoa kauli mbili. Walisema "Utu uzima dawa", kisha wakasema "Ujana ni moshi, ukienda haurudi". Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, alizipa habari za sehemu ya pili ya maisha yake jina la Baada ya Miaka Hamsini. Lakini alifariki mwaka 1962, na miaka aliyoipata ng'ambo ya hamsini haikutimia hata minne.

Katika makala haya napenda tulitazame jambo hili kwa historia, wala si kwa methali peke yake. Mahali nilipopachagua ni ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, katika Zambia, ulipo mji wa Nchelenge na jirani yake Kashikishi. Ng'ambo ya pili ya ziwa ni Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya soko. Na kusini, penye bonde la mto Luapula, ndiko uliko utawala wa Mwata Kazembe wa Walunda. Misafara ya waungwana wa pwani ilifika huko katika karne ya 19. Tena ni mahali penye methali ya Kibemba isemayo "Akanwa ka mwefu takabepa", yaani kinywa chenye ndevu hakisemi uongo. Nadhani humo ndimo ilimofichika raha kubwa ya uzee, na hatari yake pia.

Tuanze na mwaka 1867. Katika nchi ya Itabwa, iliyo kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika, alitawala mfalme mmoja aliyeitwa Nsama. Katika ujana na utu uzima wake alikuwa shujaa aliyeogopwa na majirani wote, na kwa upinde na mishale hakuna aliyemweza. Mwaka huo alivamiwa na kijana wa Unguja, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Tippu Tip. Bunduki zipatazo ishirini zilitosha kumtoa mzee yule katika boma lake mwenyewe. Ilipotafutwa suluhu, binti yake aliozwa kwa mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu aliyeitwa Hamis.

Msafiri David Livingstone alimzuru Nsama baada ya vita hivyo. Katika shajara zake, zilizochapwa mwaka 1874, alimweleza kuwa mzee mwenye uso mzuri. Lakini ameandika jambo jingine dogo, nalo lanisikitisha kuliko habari ya vita. Watu wa Nsama walijazana kumtazama mgeni. Mzee akawakemea, wala hawakumjali, hata mazungumzo yakashindikana. Boma likivunjwa laweza kujengwa tena. Bali mzee ambaye sauti yake haisikiki tena mbele ya watu wake mwenyewe amepoteza kitu ambacho hakuna fundi awezaye kukijenga upya.

Livingstone mwenyewe hakuwa kijana. Alikuwa na umri wa miaka 54, mgonjwa, na sanduku lake la dawa lilikuwa limekwisha kuibwa mwanzoni mwa mwaka ule. Tarehe 8 Novemba 1867 aliliona Ziwa Mweru, kisha akaelekea kusini hata makao ya Kazembe. Huko alikutana na mtu wa tatu katika habari yetu, Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara wa Kiarabu mwenye ndevu nyeupe kabisa na tabasamu la kupendeza. Mtu huyo alikuwa amezuiliwa katika nchi ya Kazembe kwa muda wa zaidi ya miaka kumi, na mali yake ilikuwa imepotea. Livingstone alimwombea ruhusa akaachiliwa, na baadaye akafika Ujiji. Je, miaka ile tuihesabu kuwa ya hasara tupu? Mali ilikwenda, na nguvu zikaishia ugenini. Hata hivyo, aliwaona wafalme kadhaa wakipokezana kiti, na alizijua njia za nchi ile kuliko wageni wote waliopita. Ujuzi wa namna hiyo haununuliwi kwa shanga wala kwa kaniki. Hulipiwa kwa miaka.

Sasa tumrudie yule kijana mvamizi. Miaka ilipita, naye akazeeka. Alirudi Unguja, na mwanzoni mwa karne ya 20 akaandika kwa Kiswahili habari za maisha yake, zikachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Alifariki mwaka 1905. Walimu wengi wa Kiswahili wanakifahamu kitabu hicho, Maisha ya Hamed bin Muhammed, nasi twakihesabu kuwa miongoni mwa nguzo za nathari ya lugha yetu. Hapana shaka mzee yule aliipata raha ambayo Nsama aliikosa: aliketi barazani pake, akasimulia ujana wake, na ulimwengu ukamsikiliza.

Lakini hapa ndipo msomaji hana budi kuwa macho. Katika kitabu kile pembe zahesabiwa kwa frasila, na vita vyasimuliwa na yule aliyeshinda. Mateka waliotolewa makwao hawapewi nafasi ya kusema neno. Kinywa chenye ndevu huenda hakisemi uongo, lakini huchagua la kusema na la kunyamazia. Mzee huaminiwa, na kwa sababu huaminiwa amebeba dhamana kubwa kuliko kijana. Laiti Nsama naye angalipata mwandishi wa kumkalia karibu, leo tungalikuwa na vitabu viwili vya vita kimoja, nasi tungalivipambanisha.

Watu wa Luapula waliijua hatari hiyo ya kupotelewa na maneno ya wazee, nao walikuwa na dawa yake. Mtu akifa, jina lake hurithiwa. Desturi hiyo huitwa ukupyana. Anayerithi hapati jina tupu. Hurithi pia cheo na udugu wa marehemu, hata mtoto mdogo aweza kuitwa babu na watu wenye mvi, kwa kuwa amekalia nafasi ya babu yao. Mtaalamu Ian Cunnison, aliyeishi kati yao mwishoni mwa miaka ya 1940, alionyesha kwamba msimulizi wa historia huko husema "mimi" anapoeleza mambo yaliyotendwa na mtangulizi wake karne nyingine. Kwa njia hii uzee haumaliziki kaburini. Huwa kama mwenge upokezwao. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940, Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, alikusanya masimulizi ya wazee wa Kilunda kwa msaada wa Padre Labrecque, yakaandikwa kwa Kibemba. Kitabu hicho, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, maana yake Mababu Zangu na Watu Wangu, kilichapwa mwaka 1951.

Mpaka hapa tumewataja wanaume watupu, na wenye madaraka. Tusiwasahau akina mama. Katika nchi ya Wabemba, mwanamke mtu mzima mwenye busara na ustadi huwa nachimbusa, mkuu wa mafunzo ya chisungu, yaani unyago wa wasichana. Audrey Richards aliyashuhudia mafunzo hayo mwaka 1931, akayaandikia kitabu mwaka 1956. Nachimbusa ni sawa na kungwi wetu wa pwani: neno lake hufuatwa, na nyimbo na vielelezo vya kufundishia vimo kichwani mwake. Mwanamke ambaye katika ujana wake aliwapigia magoti wakubwa, uzeeni hupigiwa magoti. Raha hiyo haiji kwa nguvu za mwili; huja zinapopungua.

Hata hivyo, ujuzi uo huo unaomtukuza mzee waweza kumwangamiza. Watu huanza kunong'ona: anajua mengi mno, mbona wenzake wamekufa yeye yu hai? Katika miaka ya 1933 na 1934 walitokea Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, vijana walioitwa bamuchapi, wakaenea katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Walivaa nguo za Kizungu. Waliwapanga wanakijiji mstari, wakawatazama kwa kioo, na aliyedhaniwa kuwa mchawi aliamriwa kutoa pembe na hirizi zake, kisha akanyweshwa dawa. Tazama jinsi dunia ilivyopinduka: kijana mwenye kioo amekuwa hakimu, na mkubwa wake amekuwa mshitakiwa. Msiba huo haukuishia Zambia. Katika Usukuma, nchini Tanzania, bibi vizee wameuawa kwa kisa cha macho mekundu, na wekundu wenyewe aghalabu ni wa moshi wa kuni walizopikia maisha yao yote.

Zama zetu nazo zimeongeza mizani yake. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoenea katika Zambia, wastani wa umri wa kuishi ulishuka chini ya miaka 50 katika miaka ya 1990. Vijana walitangulia, wakongwe wakabaki na yatima. Bibi aliyetazamia kulelewa akarudia kulea. Ndiyo maana mpango wa kuzipa kaya maskini fedha taslimu, ulioanza kwa majaribio wilayani Kalomo mwaka 2003, uliwafikia wazee wengi wenye wajukuu mikononi. Zanzibar nayo ilianza mwezi wa Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Fedha hizo ni chache, lakini zina maana: zamwambia mzee kwamba hesabu ya taifa haijamfuta.

Je, sisi walimu tuna lipi la kutenda? Naona ni mawili. La kwanza ni kuwatuma wanafunzi kwa wazee wangali hai, wake kwa waume, wavuvi na wakulima na makungwi, waandike wanayoambiwa pamoja na jina la msimulizi na tarehe. La pili, lenye uzito ule ule, ni kuwafunza kusikiliza kwa adabu bila kusinzia akilini: waulize mzee wa pili na wa tatu, na waulize pia habari za wale ambao hawakupata kusema. Kumheshimu mzee si kumwitikia kila neno. Anayemwuliza swali la maana ndiye aliyemsikiliza kweli.

Wabemba wana methali nyingine, "Imiti ikula e mpanga", miti inayokua ndiyo msitu. Husemwa kwa ajili ya vijana, na ni haki yao. Lakini mche hukua katika udongo uliorutubishwa na majani ya miti iliyotangulia. Pembe za Tippu Tip ziliuzwa zikakwisha, na boma la Nsama lilivunjwa. Kilichotufikia ni maneno ya wale waliosikilizwa. Wako wengine leo, Nchelenge na kwetu, ambao bado hawajasikilizwa, na siku zao zahesabika.