Wale Ng'ombe Walikuwa wa Nani?

Wacha nianze na ubishi. Juzi stima ilipotea mtaani, chaji za simu zimeisha, tukakaa kwa ngazi na mabeste tukaanza kupeana stori za kutisha. Zamu yangu ilipofika nikatoa ile ya Nyamgondho wuod Ombare, vile dani alikuwa akinisimulia kila likizo. Kumaliza tu, beste mmoja akacheka: "Si mnaona? Hata majini ya ziwani ni madem tu. Wanakuacha na wanabeba mali." Wote wakaangua kicheko. Mimi nilinyamaza. Manze, kumbe tulikuwa tumesikia stori mbili tofauti.

Kama huijui, iko hivi. Nyamgondho alikuwa mvuvi masikini wa Gwassi, sehemu ambayo leo iko Kaunti ya Homa Bay, kando ya Nam Lolwe. Ndiyo, lile ziwa ambalo Speke alikuja kulipachika jina la malkia wake mwaka 1858. Siku moja akavuta wavu, ukawa mzito. Kuangalia, si samaki, ni mwanamke mzee. Akataka kumrudisha majini. Mama akamwambia, nipeleke kwako. Akampeleka, akawa mke wake.

Basi boma likaanza kujaa. Ng'ombe, mbuzi, kondoo. Jamaa ambaye jana alikuwa hana kitu sasa anaitwa tajiri, anaoa wake wengine, anakunywa na wakubwa. Usiku mmoja akarudi amelewa chakari, akakuta lango limefungwa. Akaanza kumtukana yule mama: wewe si ni kitu tu nilivua ziwani?

Asubuhi mama akatoka akashika njia ya ziwa. Ng'ombe wakamfuata. Mbuzi wakamfuata. Hata kuku. Wote wakaingia majini na maji yakafunga juu yao. Nyamgondho alibaki ufuoni ameegemea fimbo yake akitazama, mpaka akageuka mti. Wengine husema jiwe. Ukienda Nyandiwa leo bado watu watakuonyesha mahali penyewe.

Sasa, angalia hesabu. Kwa Wajaluo wa zamani, ng'ombe walitoka boma la mwanamume wakaenda kwa kina msichana. Ndiyo mahari. Hapa ng'ombe wanatembea kinyume: mwanamke ndiye anakuja nao, na jamaa hajalipa hata ndama mmoja. Kila kitu anachojivunia ni cha mke wake. Kwa hivyo mama hakubeba mali ya mtu. Alirudi kwao na vitu vyake. Mapenzi yao yalisimama juu ya heshima tu, na heshima ilipoisha, kila kitu kiliisha asubuhi moja.

Linganisha na hadithi nyingine ya ziwa, ile Grace Ogot aliandika, "The Rain Came", iliyo ndani ya kitabu chake cha 1968. Huko mvua imekataa, na chifu anaambiwa amtoe binti yake, Oganda, kwa mnyama wa ziwani. Huko wanadamu wanalilipa ziwa kwa msichana. Kwa Nyamgondho, ziwa ndilo linatoa mwanamke, halafu linangoja kuona utamfanyia nini.

Na usidhani haya ni mambo ya kale. Kwa fuo nyingi za ziwa hili kuna kitu kinaitwa jaboya: mwanamke anayeuza samaki analazimika kulala na mvuvi ndio auziwe samaki. Mwenye wavu ndiye anaamua. Ni sentensi ya Nyamgondho ileile, imebadilisha nguo tu. Ndiyo maana kina mama wa Nduru, karibu na Kisumu, walipoanza kumiliki mashua zao wenyewe mwaka 2011 hivi, mimi niliona ni kama yule mzee wa ziwani amerudi na ng'ombe wake. Kisha 2020 ziwa likafurika, likameza makazi yao. Hapo ndipo hadithi ya dani inanishinda, kwa sababu kwake maji yalichukua mali ya mwenye makosa. Nduru yaliwachukulia waliokuwa wanajinasua.

Lakini jambo moja siachi. Siku hizi kila stori ya jini na mapenzi tunayopiga huku mjini, anayeogopwa ni yule dem mrembo. Dani hakuwahi kunitisha na yule mama. Sauti yake ilishuka akifika pale langoni, mume amelewa, mdomo umefunguka, na hajui ng'ombe wanasikia.

Jumamosi nikipatana na beste wangu nitamuuliza swali moja tu: wale ng'ombe walikuwa wa nani?