Video ya mkupuo mmoja: Sanaa isiyoficha kosa

Na MWANDISHI WETU

MAJI yakimwagika hayazoleki. Katika fani ya video za muziki, hakuna kazi inayouthibitisha usemi huo wa wahenga kama ile ya kunasa wimbo mzima, picha na sauti, kwa mkupuo mmoja, pasipo kuzima kamera wala kurudia ubeti.

Video nyingi tunazozitazama kwenye runinga hutengenezwa kwa njia tofauti kabisa. Wimbo hurekodiwa studioni kwanza. Siku ya kupiga picha, huchezwa kwenye spika huku msanii akifuatisha maneno kwa midomo. Kamera huwashwa na kuzimwa mara nyingi, mavazi na mahali hubadilishwa, na mwishowe mhariri huketi mbele ya kompyuta akaunga vipande hivyo hadi vikafanana na tukio moja. Mwimbaji aliyeishiwa na pumzi, mpiga gitaa aliyeteleza, hata ala ambayo haikuwapo kabisa, yote hayo hufichika.

Mkupuo mmoja huliondoa pazia hilo. Anachokiona mtazamaji ndicho kilichotokea, na anachokisikia ndicho kilichopigwa. Kwa bendi changa za Nairobi zisizo na fedha za kukodi majumba na magari ya kifahari, njia hii huvutia kwa kuwa huonekana rahisi. Urahisi huo ni wa macho tu. Kazi ambayo kwa kawaida humngoja mhariri, hapa sharti ikamilishwe kabla ya kamera kuwashwa.

Aina mbili za mkupuo

Yafaa kwanza kutofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Kuna mkupuo mmoja wa muziki, ambapo bendi hupiga wimbo mara moja lakini hunaswa na kamera kadhaa, na mhariri huchagua baadaye picha ya kuonyesha. Ndivyo zilivyo tumbuizo za Tiny Desk, zilizoanza mwaka wa 2008 katika ofisi za shirika la redio la NPR jijini Washington, Marekani.

Kuna pia mkupuo mmoja wa kamera, ambapo lenzi moja humfuata msanii toka mwanzo hadi mwisho. Mfano mashuhuri ni Unfinished Sympathy, wimbo wa kundi la Uingereza la Massive Attack, wa mwaka wa 1991. Katika video yake, mwimbaji Shara Nelson anatembea barabarani jijini Los Angeles bila picha kukatwa hata mara moja. Hata hivyo, sauti inayosikika ni ya studioni.

Makala haya yanahusu mahali aina hizo mbili zinapokutana: kamera moja, wimbo mmoja, na sauti ya papo hapo.

Ya kale yaliyorudi

Kwa upande wa sauti, jambo hili si geni. Kabla ya kuwapo kwa mitambo ya kurekodi kila ala peke yake, mkupuo mmoja ndio uliokuwa njia ya pekee. Mtafiti Hugh Tracey alipowarekodi wasichana wa jamii ya Wakipsigis wakiimba Chemirocha huko Kapkatet mwaka wa 1950, hakukuwa na nafasi ya kurekebisha sauti moja moja baadaye. Bendi zilizorekodi Nairobi katika siku za mwanzo za studio kama Equator zilikuwa chini ya sheria hiyo hiyo. Mmoja akikosea, wote walianza upya.

Kwa upande wa picha, kizuizi kilikuwa urefu wa filamu yenyewe. Mkanda wa milimita 35 uliotiwa ndani ya kamera ulimalizika kwa takriban dakika 10. Ndiyo maana Alfred Hitchcock, alipotengeneza Rope mwaka wa 1948, alilazimika kuficha maungio ili filamu ionekane kana kwamba haikukatwa. Kamera za kidijitali ziliondoa kikwazo hicho, na mwaka wa 2002 Mrusi Alexander Sokurov akatoa Russian Ark, filamu ya dakika 96 iliyopigwa kwa mkupuo mmoja katika jumba la makumbusho la Hermitage.

Katika muziki, waliouvumisha mtindo huu ni Wafaransa wa La Blogothèque, ambao kuanzia mwaka wa 2006 waliwatoa wasanii majukwaani na kuwapeleka kuimba katika vichochoro vya Paris. Mwaka wa 2007 walilinasa kundi la Arcade Fire likiimba ndani ya lifti. Miaka hiyo hiyo kamera za bei nafuu zilienea. Canon 5D Mark II ya mwaka wa 2008, iliyokusudiwa kwa picha za kawaida, iliweza kurekodi video ya ubora wa juu kwa yapata dakika 12 mfululizo, muda unaoutosha wimbo wowote wa redioni.

Nchini Kenya, mradi wa Singing Wells, ulioanzishwa mwaka wa 2011 na Ketebul Music ya Nairobi kwa ushirikiano na Abubilla Music ya London, ulibeba mitambo hadi vijijini na kuwanasa wanamuziki wa kiasili kwa sauti na picha pale pale wanapoishi. Nalo kundi la Sauti Sol lilirejea katika Shule ya Upper Hill, ambako baadhi yao walisomea, likaimba papo hapo pamoja na kwaya ya RedFourth Chorus wimbo wa Kuliko Jana, uliomo katika albamu ya Live and Die in Afrika ya mwaka wa 2015. Kilichobaki katika kumbukumbu za wengi ni sauti za watu waliosimama pamoja na kuimba.

Njia hupimwa kwa miguu

Kazi huanza kwa kutembea. Mwanamuziki anayekwenda polepole huku akipiga gitaa humaliza kama mita 30 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika 4 huhitaji njia ya mita 120. Katika Barabara ya Tom Mboya, mita hizo 120 zina wachuuzi, mikokoteni, makanga wanaoita abiria na kingo za barabara zilizovunjika. Katika vijia vya Kileleshwa au Lavington zina ua, malango na mbwa.

Kila kipande cha wimbo hupewa mahali pake. Ubeti wa kwanza huishia kwenye kona, kiitikio huanzia chini ya mti, na ala zinapopigwa bila uimbaji kamera huondoka kwenye uso wa mwimbaji ikafuata mikono ya mpiga ngoma. Huku ndiko kuhariri kwa mkupuo mmoja. Badala ya mkasi, hutumika miguu.

Mpigapicha mara nyingi hutembea kinyumenyume, magoti yamekunjwa kidogo ili picha isiruke. Msaidizi humshika mshipi kwa nyuma na kumwongoza asitumbukie mtaroni. Vifaa vya kutuliza kamera, tangu Steadicam aliyoibuni Mmarekani Garrett Brown katika miaka ya 1970 hadi vile vidogo vya mota vya leo, hupunguza mtikisiko, lakini havioni bodaboda inayokuja.

Mazoezi hufanywa kwa awamu tatu. Kwanza watu hutembea bila ala, wakihesabu mapigo. Kisha hurudia huku njia ikirekodiwa kwa simu, ili wote waone ni nani aliyemziba mwenzake. Mwishowe hupiga wimbo mzima kwa ala.

Sauti ndiyo roho

Mtazamaji husamehe picha iliyotikisika, lakini hasamehi sauti mbovu. Kipaza sauti cha kamera hakitoshi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mwimbaji akiwa umbali wa mita 14, sauti yake huifikia kamera ikiwa imechelewa kwa takriban fremu moja ya video ya fremu 25 kwa sekunde. Midomo na maneno huanza kuachana.

Dawa yake ni kumvisha kila mwanamuziki kipaza sauti kidogo chini ya nguo, na kunasa sauti zote kwenye kinasa sauti kinachobebwa mkobani. Mtu hupiga makofi mara moja mbele ya kamera mwanzoni, na mara nyingine mwishoni. Sauti ya kofi na picha ya viganja vinavyokutana ndizo zitakazotumiwa kuoanisha sauti na picha.

Kelele za jiji nazo zina ratiba. Katikati mwa jiji, Jumapili alfajiri ndiyo tulivu zaidi, kabla ya vipaza sauti vya makanisa na honi za matatu. Anayepiga karibu na Msikiti wa Jamia hupanga kazi yake kwa kuheshimu saa za adhana. Katika mitaa ya magharibi adui ni mashine za kukata nyasi, jenereta umeme unapopotea, na ndege aina ya kwarara ambao huvuka anga wakipiga kelele asubuhi na jioni. Mvua ikinyesha juu ya mabati Kangemi au Kawangware, hakuna kipaza sauti kitakachoiokoa sauti ya mwimbaji.

Hata hivyo, si kila kelele ni ya kufukuzwa. Honi ya mbali huuambia umma kwamba wimbo uliimbwa Nairobi. Kinachotakiwa ni kelele isizidi sauti ya mwimbaji.

Mwangaza haungoji

Nairobi iko karibu sana na ikweta, hivyo mwaka mzima jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, na giza hutanda katika muda wa kama dakika 20. Anayetaka rangi ya machweo ana nafasi ya mikupuo miwili, au mitatu akibahatika. Adhuhuri nayo jua hukaa utosini na kuyatia macho ya msanii kivuli. Mawingu ya Julai, ambayo wakazi huyalalamikia kwa baridi, ni rafiki wa mpigapicha kwa sababu hutawanya mwanga sawasawa. Lakini baridi hiyo hiyo hulegeza ngozi za ngoma na kubadilisha sauti za nyuzi, na kwa hiyo ala hulinganishwa upya kabla ya kila mkupuo.

Ndani ya nyumba kuna mtego mwingine. Umeme wa Kenya hupigapiga mara 50 kwa sekunde. Kamera iliyopangwa kwa kasi isiyolingana, kwa mfano 1/60 ya sekunde, huweza kuzifanya taa zionekane zikipepesa. Kasi ya 1/50 huondoa tatizo hilo kwa taa nyingi. Kosa hili halionekani vizuri kwenye kioo kidogo cha kamera. Huonekana nyumbani, wakati bendi imeshatawanyika.

Idhini kabla ya kamera

Jiji lililoshambuliwa mwaka wa 1998 katikati mwake, na mitaa ya magharibi iliyoshambuliwa Westgate mwaka wa 2013 na Riverside mwaka wa 2019, haiwezi kuichukulia kamera kuwa kitu kisicho na madhara. Walinzi wa majengo huwazuia wapigapicha, na wana sababu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, huhitaji leseni kwa filamu za kuonyeshwa hadharani, nayo serikali ya kaunti hutoza ada kwa matumizi ya maeneo ya umma. Kuzuiwa katikati ya kiitikio kunamaanisha kupoteza wimbo mzima.

Wapo pia wapita njia. Katika video ya kawaida, uso wa asiyetaka kuonekana hukatwa. Katika mkupuo mmoja haukatiki. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Kulinda Data alitoza klabu moja ya burudani jijini Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini. Busara ni kuweka mtu mbele ya msafara wa kuwaarifu watu mapema, na kumwacha apite kando asiyependa.

Muhimu zaidi ni idhini ya wanamuziki wenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 humlinda mtunzi wa wimbo, na vilevile humpa mtumbuizaji haki juu ya kurekodiwa kwa utumbuizaji wake. Mpiga besi aliyekodiwa kwa siku moja si pambo la nyuma ya mwimbaji. Akikosa noti moja, mkupuo wote huharibika, na akiipata, sifa ni ya wote. Malipo yake na jina lake katika orodha ya waliotumbuiza huandikwa na kutiwa saini kabla ya mazoezi.

Kosa lipi likubalike?

Baada ya mikupuo minne au mitano, vidole huchoka na sauti hukauka. Hapo ndipo mwelekezi hukabiliwa na uamuzi mgumu kuliko wote. Mara nyingi mkupuo usio na dosari ni ule ambao wanamuziki waliimba kwa woga, na ule wenye uhai una noti moja iliyoteleza au mtoto aliyekatiza mbele ya kamera.

Wenye uzoefu huuliza maswali mawili. Je, kosa hili linamwondoa msikilizaji katika wimbo? Je, mwanamuziki aliyelitenda yuko radhi lionekane? Jibu la swali la pili si la mwelekezi kulitoa.

Kwa bendi inayotafuta kazi, uamuzi huo una uzito wa kipekee. Mwenye hoteli au mwandalizi wa tamasha anayetazama video iliyohaririwa hajui atakachokipata jukwaani. Anayetazama mkupuo mmoja anajua. Ameona nani anapiga nini, amesikia mwimbaji akivuta pumzi, na ameona walivyorudiana pale mmoja alipopotea njia.