Somo la Historia: Mtoto Aliyekaa Ndani

Wanafunzi wetu wa Pemba, fungueni daftari zenu. Leo tutasoma habari za watoto wenye ulemavu, na jinsi nyumba za misheni zilivyowafungulia mlango wa shule.

Zamani mtoto asiyeweza kutembea alikaa ndani. Si kwamba wazazi walikuwa wabaya. Wengine waliona haya, wengine waliogopa maneno ya majirani, na wengine hawakuona faida ya kumsomesha. Walisahau kuwa wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Maradhi ya polio yaliweza kupooza miguu ya mtoto aliyezaliwa mzima.

Huko bara, mwaka 1950, kanisa la Anglikana lilianzisha shule ya watoto wasioona Buigiri, karibu na Dodoma. Mwaka 1963 Wakatoliki walifungua shule ya viziwi Tabora. Kisha, mwaka 1967, Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo Mgulani, Dar es Salaam. Jeshi hili halina bunduki. Ni kanisa lililoanzia London mwaka 1865. Shule hiyo ilikuja kuitwa Matumaini.

Kazi ya shule ya namna hii ina pande mbili. Kwanza ni mwili: viungo hunyooshwa kwa mazoezi, na mtoto hufundishwa kutembea kwa magongo au kwa vyuma vya miguuni. Pili ni akili: mtoto husoma, huandika na kuhesabu kama wenzake. Upande mmoja bila wa pili ni nusu ya kazi.

Lakini mfikirini mtoto wa Micheweni. Ili afike Mgulani, ilimpasa avuke bahari, awaache wazazi, alale bwenini. Wangapi wangeweza? Ndiyo maana baadaye watu walisema: mtoto asome shule ya kijijini kwake. Mwaka 1985 watu wenye ulemavu wa Zanzibar walianzisha umoja wao, UWZ, wakajisemea wenyewe. Mwaka 2006 Zanzibar ilitunga sheria ya haki zao.

Misheni zilionyesha kwamba mtoto huyu anaweza kusoma. Kumtoa ndani ni kazi yetu sisi majirani.

Maswali
1. Shule ya Mgulani ilifunguliwa mwaka gani?
2. Taja pande mbili za kazi yake.
3. Je, mtaani kwako yupo mtoto asiyekwenda shule? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake?